UZI: Kinyama kikishakatwa kinaenda wapi? Safari ya sampuli ya uvimbe mpaka jibu (mnaosubiri majibu ya biopsi pitieni hapa)

MkataNta:
Habari za leo wakuu. Kila wiki naona mtu analeta uzi humu, mama kakatwa kinyama shingoni wiki ya tatu hii majibu bado, au mzee kapewa karatasi imeandikwa "sampuli haitoshelezi" na familia haielewi kama ni kansa au sio kansa. Nimeona niandike yote sehemu moja ili mwenye swali aulize hapa hapa.

Mimi nipo maabara ya histolojia. Kazi yetu ni kuchukua nyama iliyotoka thieta au kliniki na kuiandaa mpaka inakuwa slaidi. Anayesoma slaidi na kusema huu ni ugonjwa gani ni daktari wa patholojia, sio mimi, naomba hilo liwe wazi ili msinitumie picha za uvimbe inbox. Ila kila slaidi anayoiweka kwenye hadubini imepita mikononi mwa watu wa aina yangu, na kitu kinachoniuma kuliko vyote nikiseme mapema: majibu mengi yanayoshindikana hayashindikani kwenye hadubini. Yanashindikana siku ile ile kinyama kilipokatwa, dakika chache baada ya kukatwa.

Nyama ikitoka mwilini inaanza kujioza yenyewe. Damu haifiki tena, seli zinapasuka, vimeng'enya vyake vinaanza kuzila kutoka ndani. Ndo maana lazima iingie haraka kwenye fomalini, dawa ya maji inayozuia nyama isioze. Ile tunayotumia ni ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ambayo ukipiga hesabu fomaldehaidi yenyewe ni kama asilimia 4 tu, na kiasi chake kiwe walau mara kumi ya nyama. Sio kinyama kinaelea nusu nje kwenye kidimbwi cha fomalini. Fomalini inaingia taratibu, kadiria milimita 1 kwa saa, kwa hiyo titi zima au kizazi kizima ukikitumbukiza bila kukipasua vipande, nje kitaonekana kimekakamaa vizuri alafu katikati kimeoza. Tunakipasua siku inayofuata tunakuta katikati uji. Hapo hakuna rangi duniani itakayomrudishia daktari zile seli.

Na kuna sampuli zinafika kwenye maji ya drip, kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, nyingine zimefungwa kwenye glavu kavu. Kuna zinazoletwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba, nyama ikiwa mbichi inapita kwa sababu ni laini, ikishakakamaa haitoki, inabidi chupa ikatwe. Mimi huwa nawaza yule mgonjwa kashavumilia sindano ya ganzi, kisu na nyuzi, alafu kitu pekee kilichokuwa kinaweza kumpa jibu kinaharibikia kwenye kichupa.

Haya sasa ikifika salama. Kwanza inapimwa na kuelezwa kwa macho, ukubwa, rangi, ugumu, kama ina sehemu nyeupe imekufa n.k. Daktari anachagua vipande vya kupeleka mbele, vinaingia kwenye kaseti, hivi viboksi vidogo vya plastiki vyenye matundu. Namba ya mgonjwa inaandikwa juu yake kwa PENSELI, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye spiriti na zailini, na kaseti isiyo na namba ni mgonjwa asiye na jibu. Usiku kucha mashine inazipitisha kwenye spiriti ya nguvu tofauti kuanzia dhaifu mpaka kali kuondoa maji, kisha zailini kuondoa spiriti, kisha nta ya parafini iliyoyeyushwa kwenye nyuzi joto kama 60. Asubuhi nta imejaa kila mahali palipokuwa na maji. Tunaimwaga kwenye kifomu, tunaipoza, inakuwa bloku.

Kwa nini nta? Kwa sababu tunatakiwa kukata ukanda wenye unene wa maikroni 3 mpaka 5, na maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Nyama ya kawaida huwezi kuikata hivo, ni sawa na kukata nyanya iliyoiva sana kwa kisu butu. Bloku tunaigandisha kwenye barafu kwanza, tunaifunga kwenye maikrotomu (mashine ya kukatia), tunazungusha gurudumu, na vipande vinatoka vimeshikana kama utepe. Utepe unashikwa kwa brashi ndogo, unalazwa juu ya maji ya uvuguvugu, nta inajinyoosha mikunjo inaisha, alafu unaingiza kioo chini yake kwa mshazari na kuunyanyua. Ukivuta pumzi kubwa umeupoteza. Kisu kikiwa na pengo dogo tu linaacha mstari kutoka juu mpaka chini kwenye kila kipande. Na kati ya mgonjwa na mgonjwa lazima upangusie yale maji kwa karatasi, mana kipande cha mtu mwingine kikibaki kinaelea kinaweza kupanda kwenye kioo cha anayefuata, na sote tunajua maana yake kama kile kipande kilikuwa na kansa.

Mpaka hapo kioo ukikiangalia huoni kitu, nyama haina rangi. Ndo zinaingia rangi mbili ambazo zinapakwa kwenye kila slaidi ya kila mgonjwa, hematoksilini na eosini. Hematoksilini inatokana na mbao ya katikati ya shina (sio gome) la mti wa Amerika ya Kati, asili yake upande wa Campeche kule Meksiko, na peke yake haishiki, mpaka ichanganywe na chumvi ya alumini. Inashika kiini cha seli. Ukiitoa kwenye rangi ni nyekundu ya zambarau, unaiweka kwenye maji ya bomba yanayotiririka na taratibu inageuka bluu mbele ya macho yako kwa sababu yale maji yana ualkali kidogo. Miaka yote hii bado napenda kuliangalia hilo. Eosini inashika kilichobaki, inakuwa pinki. Kwa hiyo kiini bluu, mwili wa seli pinki, na asilimia kubwa ya magonjwa daktari anayatambua kwa hizo rangi mbili tu. Anaanza na lenzi ndogo kuona mpangilio wote, anaenda lenzi kubwa kuangalia viini: vimekuwa vikubwa, vyeusi, kila kimoja na umbo lake, vingapi viko katikati ya kugawanyika, na zile seli zimebaki mahali pake au zimevuka mpaka na kuingia tishu za chini. Hilo la kuvuka mpaka ndo linatofautisha hatua ya awali inayotibika kwa kukata tu na kansa yenyewe.

Ulizeni.

MamaWawili_Moro:
Asante sana kaka kwa somo. Mimi swali langu ni la woga kidogo, mama mkwe ana uvimbe kwenye titi na daktari kasema achomwe sindano nene ya kutoa kinyama, sasa ndugu wote wamekataa wanasema kansa ikiguswa na chuma inasambaa mwili mzima, wametoa mifano ya watu watatu mtaani walikatwa kinyama wakafariki ndani ya miezi michache. Kweli hilo jambo lipo?

MkataNta:
Dada pole, na hao ndugu usiwagombeze kwa sababu hayo waliyoyaona waliyaona kweli. Ila angalia mpangilio wa matukio. Watu wetu wengi wanakubali kukatwa kinyama uvimbe ukiwa umeshakaa mwaka au zaidi, umeshatoboa ngozi au umeshafika kwapani. Kansa ilishasambaa kabla ya sindano. Anakatwa, majibu yanatoka, anafariki, na kinachokumbukwa ni kile kisu.

Kwa titi, sindano nene ndo njia sahihi na haibadilishi ugonjwa kuwa mbaya zaidi. Kuna sehemu chache kweli madaktari wanakwepa kuchoma, mfano korodani, pale wanatoa korodani nzima kwa kupasua kinena badala ya kupitia kwenye mfuko wake. Hao wanaojua wapi pasichomwe ndo hao hao waliomwambia mama mkwe achomwe. Muwahi.

Na muulizeni daktari kwa adabu tu, kinyama kitaingia kwenye fomalini saa ngapi. Kwa titi hili ni la muhimu kupita mahali pengine, ntaeleza chini.

Dkt_Wilayani:
Mkuu MkataNta hongera kwa uzi. Nipo hospitali ya wilaya, naomba nitetee upande wetu kidogo. Mgonjwa anakuja na mitoki shingoni, amekonda, jasho la usiku, homa za jioni. Patholojia ipo mkoa mwingine. Ndugu hawana nauli. Kwa mazingira yetu TB ni nyingi, namuanzishia dawa za TB namuangalia mwezi mmoja miwili. Wengi wanapona. Ukisema kila mtoki ukatwe kinyama unatuonea.

MkataNta:
Dokta shikamoo, na asante kwa kuja, sikuonei. Najua unafanya kazi na ulichonacho na ni kweli wengi wao ni TB. Shida yangu ni wale wasio TB. Kukonda, jasho la usiku, homa na mitoki ni dalili za TB na ni dalili zile zile za limfoma, yaani kansa ya tezi za limfu, neno kwa neno. Wa limfoma akikaa kwenye dawa za TB miezi miwili akisubiri kuonekana kama amepona, anatufikia shingo imejaa na kifua kimeziba. Na kuna jingine baya zaidi, akipewa predinisoloni (dawa ya steroidi) kwa sababu yoyote ile kabla ya kinyama, mitoki ya limfoma inasinyaa, kila mtu anafurahi, na tukija kukata tunakuta seli zimekufa hazisomeki.

Ila hapo katikati kuna njia ya bei nafuu ambayo nadhani hata kwako inawezekana. Sindano ndogo ya kawaida unaingiza kwenye mtoki, unafyonza, unapaka kwenye vioo viwili vitatu. Ikitoka kitu cheupe kizito kama usaha mzito, tayari unaelekea TB, paka kimoja rangi ya TB na kilichobaki kwenye sindano kipeleke GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya mdudu wa TB, hizo mashine sasa zipo mpaka wilayani na Shirika la Afya Duniani linakubali sampuli ya mtoki. Ikitoka seli tu bila usaha, au jibu la sindano likawa na utata, huyo ndo wa kutafutiwa nauli, atolewe mtoki MZIMA, sio kipande, kwa sababu limfoma inatambulika kwa jinsi mtoki ulivyovurugika mpangilio wake na sindano haionyeshi mpangilio.

Sasa niwaelezee wengine TB inaonekanaje, mana watu wanadhani daktari anaona mdudu moja kwa moja. Kwenye zile rangi mbili za kawaida mdudu haonekani kabisa. Kinachoonekana ni vita. Katikati sehemu imekufa, pinki tupu haina seli wala umbo, kuizunguka kuna seli ndefu ndefu zimejikusanya, na kati yao majitu makubwa, seli moja ina viini kumi, ishirini, vimejipanga nusu duara pembezoni. Pembeni kabisa limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu. Daktari akiona hivo anaandika inaendana na TB, anaomba rangi ya Ziehl-Neelsen.

Hiyo rangi ni nzuri mno kuitazama. Bakteria wa TB ana ukuta wa mafuta mazito kama nta, rangi za kawaida zinateleza. Unamwagia kaboli fuksini nyekundu alafu unapasha moto chini ya kioo mpaka mvuke unaanza kupanda, usiache ichemke, ukiona mapovu umeharibu. Joto linailazimisha rangi iingie. Ikishaingia haitoki. Unamwagia spiriti yenye asidi, kila kitu kingine kwenye kioo kinapoteza ule wekundu isipokuwa yeye, ndo unapaka methilini bluu. Unaweka tone la mafuta, lenzi ya 100, unatafuta vijiti vyekundu vyembamba kwenye uwanja wa bluu. Kwenye mtoki vinaweza kuwa vitatu kioo kizima, mtu anakaa nusu saa na zaidi kwenye slaidi moja. Robert Koch alitangaza kumpata huyu mdudu Berlin, tarehe 24 Machi 1882, na kilichomwezesha kumuona ni kupata rangi inayomshika.

Sasa msikilize hili kwa makini, Ziehl-Neelsen ikiwa hasi kwenye kinyama HAIMAANISHI hakuna TB. Wadudu kwenye mtoki ni wachache, na ukanda wa maikroni 4 unaweza kuwakosa wote. Ndo maana tunaomba madaktari wakikata mtoki waugawe mara mbili, kipande kimoja fomalini kije kwetu, kipande kingine kichupa kisafi chenye maji ya chumvi kiende GeneXpert na kuoteshwa. Kikishaingia fomalini mdudu amekufa, haoteshwi tena.

Dkt_Wilayani:
Hilo la kugawa mara mbili nitaliweka kwenye ubao wa thieta kesho. Kusema kweli sisi huwa tunatumbukiza chote fomalini. Na vioo vya sindano tunaweza, fundi maabara wetu anapaka Giemsa kila siku kwa ajili ya malaria.

MkataNta:
Giemsa hiyo hiyo dokta, inafaa kabisa kwa vioo vya sindano vilivyokaushwa kwa hewa. Mwambie tu aache na kioo kimoja kilichotumbukizwa kwenye spiriti kikiwa bado kibichi, wasomaji wa seli wanakipenda kwa viini.

Nyakach_Kwetu:
Niaje wakubwa, mimi niko Kisumu. Hii thread imenigusa. Mtoto wa sister yangu ana miaka sita, jino lilianza kucheza, tukadhani ni meno ya utoto yanatoka, then taya likavimba ndani ya wiki mbili likawa kubwa sana mpaka jicho linasukumwa. Daktari amesema inaweza kuwa Burkitt na wanatoa kinyama kesho. Niambieni ukweli, hii kitu ni nini na kwa nini huku kwetu.

MkataNta:
Ndugu yangu pole sana, na nikupe habari njema kwanza: kama ni Burkitt, ni katika kansa zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu, uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo hiyo inayeyuka haraka kwa dawa. Watoto wengi wanapona. Muhimu msikae nyumbani hata siku moja mkisubiri hela kamili, anzeni na iliyopo.

Na historia yake imeanzia jirani yenu kabisa. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. 1957 mwenzake alimwita wodini akaone mtoto amevimba taya zote mbili juu na chini. Muda si mrefu akaona mwingine Jinja, uvimbe ule ule. Akaanza kupekua kumbukumbu, akakuta wapo wengi, kila mmoja ameandikiwa ugonjwa tofauti kwa sababu kila daktari aliangalia taya tu au tumbo tu. Akaandika 1958. 1961 akachukua gari na madaktari wenzake wawili, wakazunguka kama maili 10,000 kuteremka mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wanauona ugonjwa huu. Wakakuta upo kwenye mabonde yenye joto na mvua na haupo kwenye miinuko yenye baridi. Ule ukanda ndo ukanda wa malaria ya mwaka mzima, na kandokando ya Ziwa Victoria kote, kwenu na kwetu Mwanza, upo ndani yake.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, akakaa kusikiliza. Wakakubaliana vinyama vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili wakaangalia hawakuona kirusi chochote. Disemba 1963 ndege iliyobeba kinyama ikashindwa kutua London kwa ukungu ikaenda Manchester, sampuli ikafika jioni imechelewa, maji yake yamekuwa meupe kama yameoza. Mtu mwingine angemwaga. Epstein alichukua tone akaliweka kwenye hadubini, akakuta weupe ule sio bakteria bali ni seli hai za uvimbe zimejiachia zinaelea zenyewe. Wakazikuza, na 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Ni kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu, na kilitoka kwenye kinyama cha mtoto wa Afrika Mashariki.

Kesho kinyama cha mtoto wenu kikifika maabara kitapita njia ile niliyoandika juu. Daktari ataona seli za saizi ya kati, zote zinafanana, bluu nzito zimejazana bega kwa bega, nyingi zinagawanyika, na katikati yake matundu meupe meupe. Yale matundu ni seli walinzi zinazokula maiti za seli nyingine, na vitabu vinaita mwonekano ule anga lenye nyota, ukiuona mara moja husahau. Alafu ataomba rangi za kingamwili kuthibitisha. Mojawapo, Ki-67, inapaka kahawia kila seli iliyo kwenye harakati za kugawanyika. Kwa Burkitt karibu asilimia 100 zinakuwa kahawia. Mwambie daktari aandike kwenye fomu wazi kabisa "tunashuku Burkitt" na aweke namba ya simu, slaidi hiyo maabara yoyote yenye watu makini inaruka foleni.

Nyakach_Kwetu:
Asante boss. Nimemtumia sister hii yote. Nitaongea na daktari asubuhi kuhusu hiyo form.

BintiWaPemba:
Na mimi nichangie, baba yangu mdogo alikuwa anakojoa damu miaka na miaka, kwetu kukojoa damu utotoni hakuna anayeshtuka, kila mtoto aliyeoga mtoni kapitia. Juzi wameingiza kamera kibofuni wakakuta uvimbe, jibu limekuja limeandikwa kansa ya seli bapa na mayai ya kichocho. Nimeshindwa kuunganisha hivi viwili.

MkataNta:
Vimeungana dada. Kichocho cha kibofu mayai yake yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, mwili unayazungushia vita ile ile niliyoeleza kwenye TB, miaka inaenda, ukuta unaumia na kupona, unaumia na kupona, mwisho unabadilisha aina ya seli kuwa bapa kama za ngozi, na hizo ndo zinageuka kansa. Sehemu zisizo na kichocho kansa ya kibofu kwa kawaida ni ya aina nyingine. Kwenye slaidi mayai yanaonekana bila rangi yoyote maalum, maganda ya mviringo mrefu, mengi yamekaa chokaa, na kama limekatwa vizuri unaona mwiba nchani. Yale ya kichocho cha tumbo mwiba wake uko ubavuni. Baba mdogo aendelee na daktari wa mkojo, na watoto wa nyumba ile wote wapimwe mkojo, dawa yake prazikwanteli ni rahisi.

MamaWawili_Moro:
Kaka nimerudi, mama mkwe kakubali, tunaenda Alhamisi. Ulisema titi utaeleza.

MkataNta:
Vizuri sana, nimefurahi kweli kusikia. Ni hivi, kwa titi jibu la "ni kansa" halitoshi. Lazima kipimwe kama seli zina vipokezi vya homoni viwili na protini inaitwa HER2, kwa rangi zile za kingamwili zinazotoka kahawia. Vipokezi vikiwepo anaweza kutumia tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu, miaka mitano na zaidi. HER2 inapewa alama 0 mpaka 3, ikiwa 3 kuna dawa yake inaitwa trastuzumabu, ikiwa 2 inabidi kipimo kingine cha vinasaba kabla ya kuamua.

Sasa vipokezi ni protini na protini zinaoza mapema. Kinyama kiingie fomalini ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini na kikae humo sio chini ya masaa 6 na sio zaidi ya 72. Kikichelewa kuingia, kipimo kinatoka "hasi" kumbe vilikuwepo, na mama ananyimwa kidonge ambacho kingemfaa. Yaani mtu anakosa dawa kwa sababu kichupa kilikuwa bado kinatafutwa. Kwa hiyo Alhamisi kama mtapewa kichupa mpeleke wenyewe maabara nyingine, angalieni mambo haya: mdomo mpana, kifuniko hakivuji, kinyama kimezama chote, na LEBO iwe kwenye kopo lenyewe sio kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko vinabadilishana. Jina, umri, sehemu kilipotoka na upande, kulia au kushoto. Na saa kilipoingia fomalini iandikwe kwenye fomu. Msikiweke juani kwenye dashibodi ya basi, na msikigandishe kwenye friza, barafu inapasua seli.

Simba_wa_Ruaha:
Swali la mwisho toka kwangu. Mzee wangu alikatwa kinyama cha koo la chakula mwaka jana, jibu likasema hakuna kansa, ila hali ya kumeza inazidi kuwa mbaya, sasa hivi uji tu. Tumeenda hospitali nyingine wanataka wakate upya. Hatuwezi kutumia kile cha mwanzo? Au walishatupa?

MkataNta:
Bloku haitupwi mkuu. Nyama iliyobaki kwenye kichupa ndo inatupwa baada ya muda, ila bloku za nta na slaidi zinatunzwa kwenye makabati kwa miaka, na nta haiozi. Nenda na karatasi ya majibu yenye namba ya maabara, omba kwa maandishi bloku na slaidi kwa ajili ya maoni ya pili, utasaini na utarudisha wakimaliza. Wakikata kipande kipya kwenye bloku ile ile wakaenda chini zaidi, wanaweza kukutana na kitu ambacho ukanda wa kwanza haukukifikia.

Lakini hilo lisizuie kukatwa upya, fanyeni vyote. Mzee amefikia uji, na kinyama cha kamera ni kidogo kama punje ya mtama, kikichukuliwa juu ya kidonda kinaleta usaha na seli zilizokufa tu, jibu linatoka hakuna kansa na kumbe ipo sentimita moja pembeni. Muombe anayeingiza kamera achukue vipande vingi, kama sita hivi, na achukue kwenye kingo za kidonda. Bloku ya zamani ifuatilieni huku mzee ameshapangiwa tarehe.